Kama nchi itateketea, kwa nini tupande miti?

Mhubiri Mlei wa Masaba aliuliza:

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mhubiri mlei katika parishi ndogo ya Kanisa la Uganda kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao sisi wenyeji tunauita Masaba, na riziki yangu ni kahawa pamoja na migomba michache. Sisi wa huku maporomoko ya ardhi hatusimuliwi. Machi 2010 kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, kilifunikwa pamoja na zahanati na soko lake. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Juu ya shamba langu kuna ufa uliofunguka msimu wa mvua uliopita. Nilitumbukiza mpini wa jembe ukazama wote, na jirani yangu huuziba kwa udongo na majani ya migomba kila mvua inapokatika, kama mtu anayeziba paa linalovuja.

Jumapili moja mwezi uliopita afisa misitu wa gombolola, yaani tarafa yetu, alituletea miche mia mbili ya miringaringa, akaomba azungumze na waumini baada ya ibada. Kwa bahati mbaya somo la siku hiyo lilikuwa 2 Petro sura ya 3, na mhubiri mgeni alikuwa amekwisha kulieleza kwa nguvu zake zote. Afisa alipomaliza maelezo yake, mzee mmoja wa kanisa, ambaye ndiye aliyenifundisha katekisimu nikiwa mtoto, alisimama akauliza kwa upole kabisa: "Tumesomewa sasa hivi kwamba nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea. Kuni za moto huo mnataka tuzipande sisi wenyewe?" Watu walicheka, miche ikabaki kwenye baraza ya kanisa hadi Jumatano, na mbuzi wakala zaidi ya nusu yake.

Nilipomsimulia binti yangu, anayesomea kilimo chuoni, aliniambia kwamba hashangai hata kidogo, kwa kuwa mwanahistoria mmoja wa Marekani aliandika mwaka 1967 kwamba Ukristo ndio uliowafundisha watu kuitumia dunia kama mali isiyo na mwenyewe. Sikuwa na jibu la kumpa, wala sikuwa na jibu la kumpa mzee. Jumatano huwa ninaongoza mafundisho ya akina mama na vijana, na wameniomba tulizungumzie jambo hili. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: je, shtaka hilo lina ukweli? Na andiko la Petro tulisomeje, sisi tunaolala chini ya mlima wenye nyufa, bila kulipindisha ili tu liafikiane na afisa misitu?

Mkufunzi wa Mukono alijibu:

Ndugu Mhubiri, mzee wako amekosea, lakini amekosea kwa uaminifu, maana ametoa hitimisho ambalo mahubiri aliyoyasikia yalikuwa yanalidai. Mimi nisingeanza naye.

Mwandishi anayetajwa na binti yako ni Lynn White, mtaalamu wa historia ya Zama za Kati, na makala yake ilitoka katika jarida la Science mwezi Machi 1967. Alidai kwamba Ukristo wa Magharibi uliwavua miti na mito heshima waliyokuwa nayo machoni pa watu wa kale, ukamketisha mwanadamu juu ya viumbe wengine wote, na kwamba sayansi na ufundi wa kisasa vilirithi kiburi hicho hata baada ya watu kuacha kwenda kanisani. Wengi hulinukuu shtaka hili wakaishia hapo. White alikuwa Mkristo, na mwishoni mwa makala yake anasema kwamba, kwa kuwa mizizi ya tatizo ni ya kidini, dawa nayo lazima iwe ya kidini kwa sehemu kubwa, kisha anampendekeza Fransisko wa Assisi, mtakatifu wa Zama za Kati, awe mtakatifu msimamizi wa watu wanaoshughulikia uhai wa dunia. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Fransisko kuwa hivyo hasa.

Je, shtaka ni la kweli? Kwa maoni yangu lina ukweli, ila limebebeshwa mzigo kuliko linavyoweza kuubeba. Bahari ya Aral ilikaushwa na serikali ya Kisovieti iliyokana Mungu waziwazi, kwa ajili ya kumwagilia pamba, na hakuna aliyewasomea Mwanzo 1:28 kabla ya kuanza kuchimba mifereji. Uchoyo hauhitaji andiko. Hata hivyo tusijifiche nyuma ya Bahari ya Aral, kwa sababu katika mimbari zetu ni kweli kwamba mstari ule wa "kuitiisha" na "mkatawale" umesomwa mara elfu, na mstari unaoufafanua umesomwa mara moja moja.

Mstari huo ni Mwanzo 2:15, ambapo mtu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Kitenzi cha Kiebrania kilichofasiriwa kuwa kulima, *abad*, ndicho kinachotumika pia kwa kutumika chini ya bwana na kwa kumtumikia Mungu. Kile cha kutunza, *shamar*, kimo katika baraka ambayo waumini wako wanaijua kwa moyo, "Bwana akubarikie, na kukulinda", na kimo tena katika swali la Kaini, "Mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?" Waambie akina mama wa Jumatano wasome mahali hapo patatu kwa pamoja. Ulinzi tunaouomba kwa Mungu kila mwisho wa ibada ndio ulinzi tuliopewa tuutekeleze kwa udongo, na ndio ulinzi alioukataa Kaini kabla ya ardhi kufungua kinywa chake na kuipokea damu ya Habili.

Kuna jambo la lugha ambalo huwa nalisisitiza darasani, ingawa wanafunzi hulichoka. Tumezoea kusema "mazingira", neno linalotokana na kuzingira. Ukilitumia umekwisha kujiweka katikati, na vingine vyote vimekaa pembeni vikikuzunguka. Biblia haina neno hilo. Inasema "viumbe", na sisi tumo ndani yake. Katika Mwanzo sura ya 9 Mungu anafanya agano na Nuhu pamoja na kila kiumbe hai kilichotoka safinani, na anarudia jambo hilo mara kadhaa kana kwamba anajua tutajaribu kulisahau.

Sasa Petro. Biblia yetu ya Kiswahili inasema nchi na kazi zilizomo ndani yake "zitateketea", na mfasiri hakubuni, kwa kuwa ziko hati za Kigiriki zinazosema hivyo, ikiwamo Alexandrinus ya karne ya 5. Lakini hati kubwa mbili za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zina neno jingine, lenye maana ya "zitaonekana" au "zitakutwa". Wataalamu wengi wa leo hulichukua neno hilo kuwa la asili, kwa sababu ni gumu zaidi, na mwandishi anayenakili huelekea kulainisha kilicho kigumu, si kinyume chake. Likisomwa hivyo, moto wa Petro ni ule wa msafishaji wa fedha anayetajwa na nabii Malaki: unaondoa takataka ili kilichomo kionekane. Kazi zetu zitakutwa. Mashamba tuliyoyalima mpaka kwenye ukingo wa mto yatakutwa pia.

Wala hulazimiki kutegemea hati peke yake, kwa kuwa si kila muumini atakubali kuhojiana na Biblia aliyoishika mkononi. Mwambie mzee arudi nyuma mistari minne tu. Pale 3:6 Petro anasema dunia ya wakati wa Nuhu "ikaangamia" kwa maji, na sote tunajua kwamba nchi ile haikutoweka; Nuhu alishuka akapanda mizabibu juu yake. Kama kuangamia kwa maji hakukuwa kufutwa, kwa nini kuunguzwa kwa moto kuwe kufutwa? Kisha asonge mbele hadi 3:11, ambapo mtume mwenyewe anatoa hitimisho lake, nalo linahusu mwenendo: imetupasa kuwa watu wa tabia gani. Petro hakuwahi kusema kwamba tuweke majembe chini.

Mchungaji wa Tororo alijibu:

Namshukuru Mkufunzi, wala sina ugomvi na Kigiriki chake. Mimi ni mchungaji wa kanisa la kiroho hapa Tororo, na nitasema hofu yangu bila kuificha, kwa sababu najua wachungaji wengi wanayo lakini hawaisemi mbele ya wageni.

Nimehudhuria semina tatu kuhusu imani na tabianchi. Katika zote tulipewa fulana, posho na chupa za maji za plastiki, na katika mbili kati ya hizo hakuna aliyekumbuka kuomba, hata kwa kufunga kikao. Naogopa kwamba injili inageuzwa kuwa kitengo cha mradi, na siku mradi utakapokwisha, miche itabaki barazani kama ile ya ndugu yetu. Tena watu wangu wengi wametoka katika familia zilizokuwa zikipeleka sadaka kwenye miti na chemchemi. Wameokoka wakaacha. Nikisimama leo nikawaambia kwamba mti ni mtakatifu, nitakuwa ninawarudisha wapi?

La mwisho linaniuma zaidi. Gesi zinazoipasha dunia joto zimetoka kwa wingi katika viwanda na magari ya nchi tajiri, na mchango wa Uganda ni mdogo mno. Katika ushirika wangu yupo mjane anayeuza mkaa kwa kopo kando ya barabara ili watoto wake wawili wasome. Mnataka nimwite mbele atubu dhambi ya hali ya hewa?

Katekista wa Nyamwamba alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mchungaji, swali lako la mjane ni zito, na nisingependa lipitwe kwa haraka, kwa hiyo ninalianzia huku kwetu Kasese.

Mto Nyamwamba unatoka milima ya Rwenzori. Mei 2013 ulifurika ukabeba madaraja na nyumba, na Mei 2020 ukarudi ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Asubuhi baada ya mafuriko ya pili nilikwenda kutafuta kaburi la mama yangu mdogo. Mahali pake nilikuta jiwe jeupe lenye ukubwa wa lori, likiwa bado na unyevu, na mtoto wa jirani alikuwa ameketi juu yake akichezea sufuria ambayo haikuwa ya kwao. Mchana ule mtu mmoja alisimama katikati ya umati akatangaza kwamba Mungu ametuadhibu kwa sababu ya zinaa na pombe.

Nilikumbuka Luka sura ya 13. Watu kumi na wanane waliangukiwa na mnara huko Siloamu, na Yesu akauliza kama wao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu kuwa sivyo. Kisha akawaambia wasikilizaji watubu. Huwa ninalisoma jibu hilo kwa utaratibu wake: kwanza anamwondolea marehemu lawama, ndipo anamgeukia aliye hai. Waliokufa Kilembe au Bududa hawakufa kwa dhambi zao. Lakini sisi tuliobaki tunaweza kuulizwa nani alikata nini huko juu, na nani aliruhusu.

Hapo ndipo mjane wako anapoingia. Toba haigawiwi kwa vipimo sawa kama sukari ya msaada. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa katika mikoa ya kaskazini, kwa sababu malori yalikuwa yakiondoka huko usiku na mchana yakiwa na miti ya miaka mingi ndani ya magunia. Kati ya mama anayeuza kopo moja, mwenye lori, na sisi tunaopikia mkaa huo mjini, dhambi ipo, lakini haikai mahali pamoja. Barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2015, *Laudato si'*, inatutaka tusikie kwa sikio moja kilio cha nchi na kilio cha maskini, na inazungumza wazi juu ya deni ambalo mataifa tajiri wanadaiwa na mataifa maskini kwa uharibifu huu. Kwa hiyo mjane asiitwe mbele ya kanisa peke yake. Kama yupo wa kuitwa kwanza, ni mimi ninayenunua.

Kuhusu semina zisizo na maombi, nakubaliana nawe kabisa, na nadhani kasoro yake ni kwamba zinaanza na miche badala ya kuanza na dhambi. Mwaka 1997 Patriaki Bartholomew wa Waorthodoksi alisema, akiwa Santa Barbara huko Marekani, kwamba kuharibu viumbe vya asili ni dhambi. Hakusema ni uzembe, wala upungufu wa elimu. Kikiitwa dhambi, kinaingia mahali pake katika ibada: kinaungamwa, kinaondolewa, na mtu anapewa malipizi. Huko Masvingo, Zimbabwe, makanisa huru ya Kiafrika yalifanya hivyo kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990. Waumini walikuwa wakiungama mbele ya wote kwamba wamekata miti ovyo au wamelima ukingoni mwa mto, ndipo wanapokea Meza ya Bwana wakiwa na miche mikononi, na miche hiyo inapandwa siku hiyo hiyo kama sehemu ya ibada. Makanisa hayo yalikuwa ya watu waliookoka na kuacha mizimu, Mchungaji. Hayakuona haja ya kuuabudu mti ili kuuheshimu.

Wazee wetu Bakonzo walisema theluji ya Rwenzori ni makao ya Kitasamba, mungu wa mlima huo, kwa hiyo watu hawakupanda huko kiholela. Mimi siamini habari za Kitasamba. Lakini barafu iliyochorwa kwenye ramani na wapanda mlima Waitalia mwaka 1906 leo imebaki vipande tu, na huwa ninajiuliza kama tulipomwondoa Kitasamba pale juu tulimweka Muumba, au tuliacha kiti kitupu.

Mchungaji wa Tororo alijibu:

Hilo la kiti kitupu nitakwenda nalo kwenye maombi ya usiku wa Ijumaa. Hofu yangu ya fulana bado ipo.

Mhubiri Mlei wa Masaba alijibu:

Nawashukuru sana. Mkufunzi, nimeisoma mistari ile mitatu ya kutunza na kulinda pamoja na mke wangu, na yeye ndiye aliyenikumbusha jambo ambalo sikuliandika mwanzoni, labda kwa sababu linaniaibisha.

Miaka minne iliyopita parishi yetu ilijenga nyumba ya mchungaji kwa matofali ya kuchoma. Tulijenga matanuru matatu. Kuni tulizikata katika korongo lililo nyuma ya kanisa, mivule miwili pamoja na miti mingine mingi ambayo hakuna aliyeihesabu, na matanuru yaliwaka siku nne mfululizo huku sisi wanaume tukiimba na kupokezana zamu usiku. Ilikuwa furaha kubwa. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Leo korongo lile ndilo linaloteremsha matope kwenye njia ya watoto wa shule. Ninawezaje kusimama Jumatano nikawafundisha wengine? Kanisa Anglikana duniani linataja alama tano za utume wake, na ya tano, iliyoongezwa mwaka 1990, ni kulinda ukamilifu wa uumbaji na kuuhuisha uhai wa dunia. Nimekuwa nikiikariri alama hiyo kwenye mafunzo ya walei muda wote huo, bila kuihusisha na tanuru.

Mama wa Luweero alijibu:

Mwanangu Mhubiri, anzia hapo hapo kwenye tanuru. Walimu wazuri wa jambo hili niliowahi kuwasikia ni wale walioanza kwa kusema walichokikata wao.

Mimi ni mweka hazina wa Umoja wa Akina Mama katika kanisa letu hapa Luweero. Tulipoanza, tulifanya kosa ambalo ninawasihi msilirudie. Tulipewa miche ya mikaratusi bure, tukaifurahia kwa sababu inakua upesi, tukaipanda kuizunguka chemchemi ambayo kijiji kizima kinachota maji. Baada ya miaka michache foleni ya jerikani ilianza kurefuka. Kijana mmoja mwenye elimu ya misitu alitueleza kwamba mkaratusi hunywa maji mengi mno na haufai kukaa karibu na chemchemi. Tuliing'oa kwa mikono yetu, na kazi ya kung'oa ilituchosha kuliko ya kupanda. Nia njema na andiko sahihi havikutuzuia kukosea mti.

Baada ya hapo tulianza kuuliza maswali kwa wazee, na hapo ndipo nilipouona upya mti wa mutuba, ambao nimeishi nao maisha yangu yote. Gome lake ndilo linalotengenezwa lubugo, nguo ambayo Baganda huwavisha marehemu wao. Fundi hulibandua gome zima kutoka chini hadi matawi yanapoanzia, kisha huufunga mti kwa majani ya migomba kama mtu anayemfunga mgonjwa bandeji, na mti huota gome jipya ili uvunwe tena mwaka mwingine. Mti mmoja huvunwa hivyo kwa miaka mingi. Padri mmoja aliyetutembelea aliuona ukiwa umefungwa majani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema hiyo ndiyo Mwanzo 2:15 anayoifahamu. Nilimwambia asiseme hayo kwa sauti kubwa, maana fundi mwenyewe ni Mwislamu.

Kwa Mchungaji wa Tororo, nakuunga mkono juu ya fulana. Sisi tulikataa fulana. Tulichofanya ni kuongeza maneno kidogo pale ibada inapofika kwenye maungamo. Tulikuwa tukisema kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, halafu mtu anafikiria mambo yake ya nyumbani. Sasa kiongozi hunyamaza kwa muda, kisha hutaja mambo matatu au manne ya mwezi huo yanayojulikana na kila mtu: kaveera, yaani mifuko ya plastiki, zilizotupwa mtaroni baada ya sherehe yetu wenyewe, kinamasi kilichofukiwa ili kupanda viazi, tanuru. Hatutaji majina. Mara ya kwanza watu walitazamana. Mzee mmoja alilalamika kwamba tunaingiza siasa kanisani, naye hakukosea sana, kwa kuwa kinamasi kile kilikuwa cha diwani.

Na tusidanganyane kwamba jambo hili linaishia kwenye miche ya akina mama. Kanisa katika Uganda lina ardhi nyingi. Mwaka 2007, serikali ilipotaka kutoa sehemu ya msitu wa Mabira ilimwe miwa ya sukari, watu waliandamana Kampala na wengine wakapoteza maisha. Wakati ule Ufalme wa Buganda na Kanisa Anglikana walijitokeza kutoa ardhi nyingine ili msitu uachwe, na mwaka ule ule mpango ukasimamishwa. Nilijifunza mengi kutoka katika tendo lile kuliko katika nyaraka nyingi za kichungaji nilizosomewa. Hapa wilayani kwetu ipo pia Bethany Land Institute, ambayo mapadri Wakatoliki, akiwamo mwanateolojia Emmanuel Katongole, waliianzisha ili vijana wa vijijini wajifunze kulima, kutunza msitu na kuishi kwa mazao yao. Mpeleke binti yako siku moja akaone, kama nauli inaruhusu. Atakuta wanasali asubuhi kabla ya kushika majembe, na Mchungaji hatakuwa na la kulalamika.

Mkufunzi wa Mukono alijibu:

Nyongeza ndogo, kwa kuwa Mama amegusa ardhi ya kanisa. Walawi 25:23 inasema nchi haitauzwa milele, "maana nchi ni yangu, ninyi ni wageni na wasafiri wangu". Wanafunzi wangu hulihubiri neno hilo kwa ajili ya mazishi, kwamba hapa duniani tunapita tu. Muktadha wake ni wa hati za ardhi. Mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwa mtu hakati mwembe wa mwenyeji wake, na kanisa lenye hati ni mgeni mwenye hati. Ningefurahi kumsikia mtu akilihubiri hivyo mbele ya kamati ya mali ya dayosisi, ingawa sijui kama angealikwa mara ya pili.

Mhubiri Mlei wa Masaba alijibu:

Jumatano imepita, na nimeona niwarudishie habari.

Nilianza na tanuru kama Mama alivyoniagiza. Nilitaja kwamba mimi ndiye niliyeandika orodha ya zamu za kuchochea moto. Kulikuwa na ukimya, kisha mama mmoja akasema kwamba yeye ndiye aliyetupikia, na kwamba kuni za kupikia nazo zilitoka korongoni, kwa hiyo nisijichukulie dhambi yote peke yangu. Walicheka, na somo likawa jepesi kuanzia hapo. Kwenye 2 Petro nilifuata njia ya gharika, kwa sababu niliona kwamba habari ya hati ingewatia wasiwasi wale wanaosoma kwa shida, ila kijana mmoja aliyekuwa ameisoma mahali pengine aliniuliza mwenyewe, nikamweleza neno lile la "zitakutwa". Aliliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Mzee hakuja kwenye mafundisho. Alipita baadaye jioni, akitoka kukamua ng'ombe, akaniomba nimsomee tena 3:6 na Mwanzo 9, mahali Nuhu anapopanda mizabibu. Nilimsomea. Akauliza miche mingapi imebaki baada ya mbuzi, nikamwambia themanini na kidogo. Alichukua minne akaifunga ndani ya gunia bovu, na hakusema kama amekubali chochote kati ya niliyomweleza. Alichotaka kujua ni mche ukae hatua ngapi kutoka kwenye ufa ili mizizi yake ishike udongo badala ya kuupanua, na kwa kuwa sikujua, nimemwahidi kwamba kesho nitashuka gombolola nikamuulize afisa misitu.